Kanuni Mbili za Mpira wa Kikapu: Mfano wa Hasheem Thabeet, 2006–2009

Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kuanzia 2006 hadi 2009. Kanuni za FIBA, zinazofuatwa Tanzania, zilitoa sekunde 24 kwa kila shambulizi. Vyuo vya wanaume Marekani vilitoa 35. Tofauti nzito zaidi ilikuwa langoni pa kikapu: FIBA humruhusu mlinzi kuupiga mpira uliokwisha kugusa pete, ilhali vyuo huhesabu tendo hilo kuwa kosa mpira ungali juu ya kikapu. Hivyo, ustadi wa mlinzi mrefu hauwezi kupimwa bila kuzingatia kanuni, iwe ni mchezaji anayehamia chuoni au timu ya chuo inayosafiri nje.