Fahamu muziki unaotungwa kwa kompyuta mbele ya watazamaji

MKOA wa Kigoma unajulikana nchini kwa wingi wa wanamuziki wake. Mwaka 2012 wasanii wa kizazi kipya wenye asili ya mkoa huo waliungana katika kundi la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa Leka Dutigite. Hata hivyo, wengi wao walipata umaarufu wakiwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, ambako ndiko ziliko studio nyingi na kumbi kubwa.

Kwa kijana wa Mwanga, mjini Kigoma, asiye na nauli wala fedha za studio, ipo namna moja ya utunzi inayohitaji kompyuta na spika tu. Nayo ni sanaa ya kuandika maagizo ya kompyuta papo kwa papo, mbele ya watazamaji.

Msanii wa fani hiyo hupanda jukwaani na kompyuta mpakato, akaandika mistari mifupi ya maagizo, na sauti ikatoka pale pale. Muziki hausimami anapobadilisha mstari. Badiliko husikika wakati muziki ukiendelea. Skrini yake huonyeshwa ukutani kwa projekta ili kila anachoandika kionekane, makosa yakiwemo.

Mwaka 2004 wasanii wa fani hiyo walikutana mjini Hamburg, Ujerumani, wakaunda jumuiya iitwayo TOPLAP. Mojawapo ya misimamo yao ni kwamba msanii asifiche skrini yake. Sababu inaeleweka. Mtu aliyeinamia kompyuta jukwaani anaweza kuwa anacheza muziki uliorekodiwa zamani, na mtazamaji asijue. Mpiga gitaa huonekana vidole vyake; huyu naye aonekane maandishi yake.

Programu zinazotumika

Mwaka 2012 Sam Aaron, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alianza kutengeneza Sonic Pi, programu inayofundisha wanafunzi kompyuta kwa njia ya muziki. Mwingereza Alex McLean alibuni TidalCycles, na mwaka 2022 yeye na Felix Roos wakaanzisha Strudel, inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti bila kusakinishwa. Kwa upande wa picha, Olivia Jack alibuni Hydra, inayotoa maumbo na rangi zinazoweza kwenda na muziki. Zote nne hupatikana bure.

Ngoma ndani ya hesabu

Jambo linaloihusu Afrika moja kwa moja ni hesabu ya mapigo. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mtaalamu wa kompyuta nchini Kanada, alionyesha kuwa kanuni ya kale ya Mgiriki Euclid, ikitumiwa kugawa mapigo kwa uwiano, huzaa midundo mingi ya asili, ikiwemo ya Afrika. Mapigo 7 katika nafasi 12, kwa mfano, hutoa mdundo wa kengele unaojulikana Afrika Magharibi.

Katika Strudel, agizo sound("bd(3,8)") huamuru ngoma nzito ipigwe mara 3 katika nafasi 8: ya kwanza, ya nne na ya saba, kisha mzunguko huanza upya. Mtu anayeijua ngoma ya kwao anaweza kuhesabu nafasi zake na kuiandika vivyo hivyo.

Singeli ni jirani

Katika Afrika Mashariki, sanaa iliyo karibu zaidi na hiyo ni singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam. Watayarishaji wa Sisso Studios ya Mburahati wameupeleka nje ya nchi, hasa baada ya albamu ya Sounds of Sisso kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda. Katika singeli nako kompyuta huchezwa jukwaani kama ala, mapigo yakizidi 200 kwa dakika. Tofauti ni kwamba mtayarishaji wa singeli huchezea sauti zilizokwisha kuandaliwa, wala hana desturi ya kuonyesha skrini yake.

Vikwazo

Pamoja na hayo, ubure wa programu hauondoi gharama zote. Kompyuta bado ni ghali kwa vijana wengi. Strudel hufunguka hata katika simu ya kisasa, lakini kuandika maagizo kwa kidole ni kazi ngumu. Maneno ya maagizo na sehemu kubwa ya mafunzo yake ni ya Kiingereza.

Kwa anayeanza, Sonic Pi ina nafuu yake: ikishasakinishwa, hufanya kazi bila intaneti, na masomo yake yamo ndani ya programu yenyewe. Kompyuta moja ya shule au ya kikundi cha vijana inaweza kutumiwa na wengi kwa zamu.