Interferoni: Kutoka Dawa ya Nairobi hadi Maabara za Dar es Salaam

Julai 1990, Rais Daniel arap Moi aliutangazia ulimwengu kwamba wanasayansi wa Kenya wamepata dawa ya UKIMWI. Iliitwa Kemron. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, chini ya Davy Koech, walikuwa wamewapa wagonjwa dozi ndogo mno ya protini iitwayo interferoni, ya kuyeyushwa mdomoni, wakaripoti kwamba homa zimekatika, uzito umerudi, na baadhi wakipimwa hawaonekani tena kuwa na virusi. Taifa linalozika vijana wake halisubiri kubembelezwa liamini. Hata kutoka Marekani watu walipanda ndege kuifuata.

Protini yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1957, huko Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba utando wa yai la kuku ukikutanishwa na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto hutoa kitu kinachozuia virusi vingine. Chembe iliyovamiwa hupiga mbiu, na jirani zake wakafunga milango.

Kazi ilikuwa kuipata. Kwa miaka mingi Kari Cantell wa Helsinki aliitoa kwenye chembe nyeupe za damu waliyochangia Wafini, na bado aliambulia kiasi kidogo kisicho safi. Ndipo mwaka 1980 kikundi cha Charles Weissmann kule Zurich kikaingiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria, bakteria wakaanza kutengeneza interferoni. Miaka miwili baadaye ikafuata ile ya aina ya gama, ambayo mwili huitoa hasa unapopambana na vimelea vilivyojificha ndani ya chembe. Mwaka 1986 Marekani iliruhusu interferoni ya alfa itibu aina adimu ya saratani ya damu. Dozi zake zilikuwa kubwa, za sindano, na zilimwacha mgonjwa akitetemeka kwa homa.

Kemron ilitegemea jambo tofauti kabisa: interferoni ya asili kutoka Japani, kiasi kiduchu tu, ulimini. Jibu lililoaminika lilitoka Kampala. Elly Katabira na wenzake waligawa wagonjwa zaidi ya 500 kwa bahati nasibu, wengine wakapewa interferoni na wengine kidonge kitupu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata kipi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1998: hakuna tofauti. Miaka minane ilikuwa imepita tangu tangazo la Nairobi. Sisi Watanzania tusicheke sana. Mwaka 2011 tulipanga foleni kijijini Samunge kwa ajili ya kikombe cha Babu, dawa iliyodaiwa kuponya hata UKIMWI.

Nionavyo mimi, heshima ya protini hii Afrika Mashariki ilipatikana pale ilipoacha kuitwa dawa. Mwaka 2007, chuo cha tiba cha Muhimbili kilianza kujaribu chanjo ya VVU iliyoitwa HIVIS kwa watu 60 wenye afya, wengi wao askari polisi wa Dar es Salaam. Damu yao ilichokozwa maabara kwa vipande vya virusi, kisha zikahesabiwa chembe zinazotoa interferoni ya gama. Karibu wote waliopata chanjo waliitika. Chanjo haikufika sokoni, lakini jiji lilibaki na wataalamu na vifaa vya kupima kinga.

Kwa kifua kikuu mantiki ni hiyohiyo: damu huwekwa pamoja na protini za bakteria wa TB, na interferoni inayotoka hupimwa kwa kulinganishwa na ile iliyotengenezwa na bakteria wa maabara, ambayo kiasi chake kinajulikana. Bila kigezo hicho tarakimu hazina maana.

Ila kipimo hiki husema tu kwamba mwili umewahi kukutana na TB. Hakisemi kama mtu anaumwa leo. Katika manispaa yenye msongamano kama Temeke, Dar es Salaam, hilo ni jibu la watu wazima wengi mno kuweza kumsaidia daktari. Ndiyo maana mkazi wa Chamazi, hukohuko Temeke, aliyekohoa wiki mbili akifika kituo cha afya, mhudumu humkabidhi kikopo na kumwomba makohozi.