Napoli 1990: Nani Alimfunga Kameruni?

Mjomba wangu ana kesi moja ambayo hajaifunga tangu tarehe 1 Julai 1990. Mguse tu kuhusu mpira, hata kama mlikuwa mnabishana habari za Simba na Yanga, atakurudisha mpaka Napoli, Italia, kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia, Kameruni na Uingereza. "Tulionewa, mjomba," ataniambia, maana naye huniita mjomba kama mimi ninavyomwita. "Refa yule katoa penalti mbili! Mbili, bwana!" Na mimi, niliyezaliwa baada ya mechi hiyo, nilikua nikiamini hivyo hivyo. Habari hiyo tulinyweshwa pamoja na uji.

Sasa, msomaji, kuna jambo dogo. Mjomba aliisikia mechi ile redioni. Tanzania Bara wakati ule haikuwa na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Mkanda wa video aliuona miaka kadhaa baadaye, hukumu ikiwa imeshatoka kichwani mwake. Mimi nimeutazama mchezo wote mara mbili, nikautazama na ule wa ufunguzi. Nimeona mambo ambayo mjomba hayasemi.

Tuanzie Milano, tarehe 8 Juni. Argentina ni mabingwa wa dunia, nahodha wao Maradona. Kameruni wanacheza Kombe la Dunia kwa mara ya pili tu, na kocha wao, Mrusi Valery Nepomniachi, anazungumza na wachezaji kupitia mkalimani. Kila mtu anakumbuka kwamba Kameruni walishinda 1-0. Lakini walishindaje? Hapo watu hupapita haraka haraka.

Dakika ya 61 refa Michel Vautrot wa Ufaransa alimtoa nje André Kana-Biyik kwa kumwangusha Caniggia. Dakika sita baadaye, Kameruni wakiwa kumi, ndugu yake wa damu, François Omam-Biyik, akaruka juu kuliko watu wote, akaupiga mpira kwa kichwa, nao ukamponyoka kipa Pumpido. Goli! Kisha dakika za mwisho ndiyo ile sinema. Caniggia anachukua mpira, anakata mbuga. Beki wa kwanza anampiga mguu, anayumba, hakuanguka. Wa pili naye anamkosakosa. Wa tatu, Benjamin Massing, akamvaa kama lori lililokatika breki, kwa nguvu kiasi kwamba kiatu chake mwenyewe kilimtoka mguuni. Nyekundu ya pili. Kameruni wakamaliza tisa uwanjani, na ushindi mkononi.

Nikiri kwamba nilipoliona tukio hilo nilicheka. Mjomba hucheka pia, tena hupiga na makofi. Afrika nzima imecheka. Na hapo ndipo naona kosa letu lilipoanza: siku ile rafu ililipa. Caniggia angepita, huenda yangekuwa moja kwa moja na hadithi yote isingekuwepo. Nani atakwenda chumba cha kubadilishia nguo kumgombeza Massing baada ya kumfunga bingwa wa dunia?

Wakati huohuo FIFA walikuwa wamewaagiza marefa wasicheke na mtu. Mwaka 1986, kule Meksiko, kadi nyekundu zilikuwa nane katika mashindano yote. Mwaka 1990 zilifika 16. Na kulikuwa na ile sheria ya njano: ukipata mbili, hata katika mechi mbalimbali, mechi inayofuata unakaa jukwaani. Ni kama kukopa duka la mtaani. Mwenye duka hapigi kelele, anaandika tu kwenye daftari.

Kameruni wakaifunga Romania 2-1, magoli yote mawili ya Roger Milla, mzee wa miaka 38 aliyeingia akitokea benchi. Wakafungwa 4-0 na Umoja wa Kisovieti, lakini walikuwa wameshafuzu, wakaongoza kundi hivyo hivyo na magoli matatu ya kufunga na matano ya kufungwa. Kisha Kolombia, 2-1 katika muda wa nyongeza, Milla tena mawili, moja baada ya kumpora mpira kipa Higuita aliyejifanya kiungo. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika robo fainali. Watu walicheza ngoma mitaani hata katika nchi zisizojua Yaoundé iko wapi.

Lakini daftari lilikuwa limejaa. Kwa ajili ya kadi, wachezaji wanne hawakuruhusiwa kucheza na Uingereza: mabeki Onana na Ndip, na viungo Mbouh na huyo huyo Kana-Biyik. Wanne! Katika mechi kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa na timu kutoka bara hili, ukuta na kiungo cha Kameruni vilikuwa vimekaa jukwaani vimevaa suti. Mjomba hawataji hata siku moja. Nilipomtajia, alinyamaza kidogo, akasema, "Hata hivyo tuliongoza."

Ni kweli, tuliongoza. Platt alianza kuifungia Uingereza dakika ya 25. Baada ya mapumziko aliingia Milla, na mchezo ukageuka. Dakika ya 61 aliangushwa ndani ya eneo la hatari na Gascoigne, refa Edgardo Codesal wa Meksiko akaweka penalti, Emmanuel Kunde akafunga. Ndiyo, msomaji: penalti ya kwanza siku ile ilikuwa yetu, na refa ndiye yuleyule. Dakika ya 65 Milla akampenyezea Eugène Ekeke, aliyekuwa ameingia punde tu, naye akaunyanyua mpira juu ya Shilton. 2-1. Kwa dakika kumi na nane zilizofuata Waingereza walionekana kama watu waliopotea njia usiku.

Timu nyingine ingefunga mlango hapo. Kameruni waliendelea kwenda mbele, kwa visigino na kwa chenga, na wakipoteza mpira nyuma palikuwa uwanda mtupu. Hapa ndipo unapowaona wale wanne wasiokuwepo. Kazi ya kiungo mkabaji ni kumsimamisha mtu katikati ya uwanja, mapema, mahali ambapo faulo ni faulo tu. Akikosekana huyo, anayebaki kumsimamisha ni beki wa mwisho, na yeye anasimama ndani ya kumi na nane. Mguu uleule, rafu ileile, lakini hesabu nyingine kabisa. Dakika ya 83 Lineker aliingia na mpira, akaangushwa. Penalti, 2-2. Muda wa nyongeza, dakika ya 105, Gascoigne akapenyeza pasi katikati ya mabeki, Lineker akaanguka mbele ya kipa Thomas N'Kono. Penalti, 3-2.

Nimezirudia hizo penalti mbili nikimtafuta mwizi. Nilitaka kumpata, sikufichi. Ningekwenda kwa mjomba na kichwa juu. Sikumpata. Miguu iligusa miguu.

Ati walifungwa kwa sababu hawakujua mpira? La hasha. Walizunguka uwanja kuaga, na Waitalia wakasimama kuwashangilia. Mwaka 1994 Afrika ilipewa nafasi tatu katika Kombe la Dunia badala ya mbili, na nafasi hiyo ya tatu tunawadai shukrani wao. Ila daftari lile lilihama nao. Mwaka huohuo wa 1994 Rigobert Song, kijana wa miaka 17, alitolewa kwa nyekundu dhidi ya Brazili. Mwaka 1998 akatolewa tena dhidi ya Chile, akawa mchezaji wa kwanza kupata nyekundu katika Kombe la Dunia mara mbili. Mwaka 2014 jamaa yake, Alex Song, alimpiga Mandžukić wa Kroatia kiwiko cha mgongoni, mpira ukiwa mbali, timu ikiwa nyuma kwa goli moja tu. Wakafungwa 4-0. Massing angalau alikuwa anaokoa ushindi. Huyu alikuwa anaokoa nini?

Bado kuna ukurasa mmoja wa 1990, nao ndio uliomshinda mjomba. Wale Argentina waliofungwa siku ya kwanza walijikongoja mpaka nusu fainali, wakaitoa Italia kwa penalti, palepale Napoli. Lakini walifika Roma, kwenye fainali ya tarehe 8 Julai, wakiwa wamewakosa watu wanne kwa kadi: Giusti, Batista, Olarticoechea, na Caniggia mwenyewe, aliyeonyeshwa njano kwa kuushika mpira katikati ya uwanja bila sababu yoyote. Dhidi ya Ujerumani Magharibi, Monzón akawa mchezaji wa kwanza kutolewa kwa nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia. Dakika ya 85 wakapigiwa penalti, Brehme akafunga. Dezotti naye akatolewa. Wakamaliza tisa, wamefungwa 1-0, Maradona analia. Mwezi mmoja kamili tangu siku ile ya Milano.

Jumapili iliyopita nilimsimulia mjomba yote hayo, pole pole, tukiwa barazani. Alinisikiliza, kahawa ikapoa. Mwisho akauliza, "Na penalti hiyo ya Roma aliitoa nani?"

"Codesal, mjomba. Yuleyule wa Napoli."

Akafikiri kidogo.

"Basi siku hiyo," akasema, "alikuwa ameona vizuri."