Jenerali Wao, Majenerali Wetu

Usiku wa Krismasi iliyopita, sebuleni kwa shangazi yangu Majengo, Meru, tulikuwa watu kumi na wawili na sufuria moja ya pilau. Pilau ilitoka kwa mama jirani, Mwislamu, ambaye hasherehekei Krismasi lakini anajua kwamba sisi tukijipikia inageuka wali wa kahawia. Deni hilo humlipa siku ya Idi kwa kreti ya soda.

Binamu yangu alikuwa amejaziwa flashi kwenye duka la muvi: vita vitupu, vya kutafsiriwa na DJ Afro. Katikati ya hizo mwenye duka alikuwa amechomeka moja ya nyongeza, White Christmas, ya mwaka 1954. Shangazi akasema leo hakuna kuuana humu ndani. Tukaitazama hiyo, binamu akijifanya DJ Afro ili Shosho, ambaye Kiingereza hakimpi raha, asiachwe nyuma.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mkesha wa Krismasi 1944, wanajeshi wa Marekani wako vitani Ulaya. Mwenzao mmoja, Bing Crosby, anawaimbia, na jenerali wao anaagwa. Miaka kumi baadaye Crosby na rafiki yake, Danny Kaye, ni wasanii mashuhuri. Wanakutana na dada wawili waimbaji, Rosemary Clooney na Vera-Ellen, wanawafuata hadi Vermont, na huko wanamkuta yule jenerali akiendesha hoteli inayofilisika, kwa sababu theluji imegoma kuanguka na wageni hawaji. Basi wanaimba, wanacheza, wanapendana, wanakosana kwa umbea wa simu, na mwisho wanawaita askari wa zamani waje kumheshimu mzee wao.

Ilipotoka Oktoba 1954, Bosley Crowther, mhakiki wa New York Times, hakuvutiwa sana. Watu walijaa kumbini hata hivyo, ikawa filamu iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote Marekani mwaka huo. Lakini mimi nataka kuandika walivyosema wahakiki wa Majengo.

Wa kwanza alikuwa binamu. Alilalamika kwamba kila tukitaka kujua kitakachotokea, stelingi anaanza kuimba. Mama jirani akamkata. Yeye amekulia Mombasa, akalishwa filamu za Kihindi tangu utotoni, na katika pwani hii watu walimlilia Raj Kapoor wa Awara, filamu ya 1951, bila kujua Kihindi. "Wimbo ndiyo maongezi ya wapendanao wenye haya," alisema. "Ukiruka wimbo umeruka mapenzi."

Alichokataa yeye ni ugomvi. Betty, dada mkubwa, anasikia uvumi kwamba mpenzi wake anataka kumtumia jenerali kujitangaza kwenye televisheni. Haulizi swali hata moja. Anafunga virago na kupanda treni. "Huyo amechoma picha," akasema mama jirani. "Mwanamke mzima huuliza kwanza, halafu ndiyo anakasirika."

Nikamwambia kwamba aliyetunga nyimbo hizo zote, Irving Berlin, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Urusi mwaka 1888. Alicheka hadi kijiko kikaanguka. "Si nilikwambia? Krismasi tamu hupikwa na jirani."

Kuongea hivi mbele ya skrini kuna historia yake. Kabla ya vita, Waingereza walitaka sana kujua Mwafrika anasema nini akitazama sinema. Mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kati ya 1935 na 1937, ulikuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu kama 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia Kaskazini. Wenyewe walikaa pembeni wakiandika: hapa wamecheka, hapa wamenyamaza. Mwaka 1939 ikaundwa Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, akashikilia kwamba mtazamaji Mwafrika asiyezoea sinema lazima aonyeshwe mambo polepole, picha moja baada ya nyingine bila kurukaruka, la sivyo atapotea.

Nikisoma habari hizo nahisi kama daktari anampima mtu joto bila kumuuliza anaumwa wapi. Maoni ya watazamaji yalikusanywa ili kupima akili zao. Kwamba mtu anayecheka mahali pasipotarajiwa huenda ameona kitu ambacho mtengenezaji hakukiona, hilo halikuandikwa.

Sasa msikilize mtoto wa shangazi, miaka kumi na mitatu, mdomo umejaa nyama: "Wanajeshi weusi wako wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameona. Kikosi kizima cha jenerali, tangu vitani hadi hotelini, ni weupe. Nikamweleza kwamba jeshi la Marekani la 1944 liliwatenga weusi kwenye vikosi vyao, na Rais Truman alitoa amri ya kuukomesha utengano huo mwaka 1948. Lakini swali lake lilikuwa pana kuliko jibu langu, kwa sababu Krismasi hiyohiyo ya 1944 weusi wengine walikuwa vitani, na walitoka huku kwetu. Mwanzoni mwa Desemba 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa King's African Rifles, iliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin huko Burma, baada ya kupita bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria. Wakenya karibu 98,000 walitumika katika vita hivyo. Waliporudi, mpango wa mashamba kwa wanajeshi wastaafu ulikuwa wa walowezi Wazungu. Mwafrika alirudi na koti lake.

Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri, koplo aliyepigana Burma. Miaka kumi baadaye, kama wale wa filamu, alikuwa mashuhuri, ila jina lake la kisanii lilikuwa Jenerali China, na jukwaa lake msitu wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, kisha akasamehewa kunyongwa. Mwezi Juni mwaka huohuo serikali ikaamua kuwahamishia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika vijiji vya Hali ya Hatari. Hadi mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamesukumwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na handaki, miti iliyochongwa na amri ya kutotoka nje. Kwa hiyo wakati New York wanapiga foleni kuona Krismasi nyeupe, huku mtu alipanga foleni kuhesabiwa.

Haya yote niliyasema kwa sauti ya mwalimu, nadhani kwa muda mrefu kidogo, maana shangazi alianza kukusanya sahani. Shosho ndiye aliyenirudisha kwenye filamu. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi mwaka 1954. Aliuliza kwa nini watu hawa wanaiimbia theluji kama mchumba.

Binamu akajibu kwamba ni mapenzi, Shosho, baridi inawafanya wakumbatiane.

"Theluji naijua," akasema. "Iko pale."

Alinyoosha kidole ukutani, na ukuta ule kweli umeelekea mlimani. Alfajiri ikiwa haina mawingu, Kirimaara inaonekana kutoka Meru na weupe wake kileleni, weupe unaopungua mwaka hadi mwaka. Kwa watoto wa sebule ile hiyo ni picha ya kupiga kwa simu. Kwa Shosho ni mahali mjomba wake alipokwenda akiwa na blanketi moja. Hakurudi, na nyumbani walikatazwa kumlilia kwa sauti, kwa sababu kumlilia ilikuwa kukiri kwamba unamjua aliyekuwa msituni.

Filamu ikafika mwisho wake. Jenerali anashuka ngazi amevaa sare ya zamani, anadhani ni chakula cha jioni tu, anakuta ukumbi umejaa askari wake wamesimama. Mama jirani alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hata binamu aliacha kutafsiri. Shosho alitazama hadi mwisho, kisha akatoa maoni ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo:

"Huyu ana bahati. Askari wake walijua anakoishi, na hakuna aliyewaambia waseme hawamjui."

Meru ilikuwa na majenerali. Field Marshal Musa Mwariama na Jenerali Baimungi hawakukamatwa miaka yote ya vita. Walitoka msituni uhuru ulipofika, Desemba 1963, na picha ya Mwariama akiwa na Jomo Kenyatta ni maarufu hadi leo. Baimungi hakuridhishwa na alichokikuta nje, hasa suala la ardhi. Alirudi msituni, na mwaka 1965 akauawa na vyombo vya usalama vya serikali ya Kenya huru. Mwariama aliishi hadi 1989. Sheria iliyoiharamisha Mau Mau, iliyoachwa na wakoloni, iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Wengi hawakuishi kuiona siku hiyo.

Sasa nikiwaza White Christmas siwezi kuidharau, wala siwezi kuipenda kama ilivyotaka kupendwa. Inajua jambo moja la kweli: mzee aliyepigana anaogopa kusahaulika kuliko kufilisika. Ila ilidhani jambo hilo huponywa kwa wimbo na watu waliosimama wima, kwa sababu katika nchi iliyoitengeneza, jenerali huyo hajawahi kuwa kosa la jinai. Shosho aliona pengo hilo kwa kutazama mara moja tu, kupitia tafsiri ya binamu aliyekuwa akiruka nusu ya maneno. Sellers angeandika kwamba mama mzee alichanganya habari za Vermont na za Mlima Kenya.

Wageni walipoondoka nikadhani Shosho amelala kwenye kiti. Akafungua macho, akamwambia binamu arudishe nyuma, si kwenye nyimbo, pale askari wanaposimama. Binamu akarudisha. Akaitazama mara ya pili, mdomo ukisogea kidogo. Nilimwona akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na alipofika kidole cha mwisho akaanza tena na cha kwanza. Sikumuuliza majina. Shangazi alizima taa ya jikoni, na kutoka kwa mama jirani tukasikia sufuria ya pilau ikisuguliwa.