Cherehani ya Mama

Mama alitusomesha kwa Singer 201K, cherehani ya umeme aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Sasa iko kwangu, hapa Glenwood. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichoanza kazi miaka ya 1880 na kufungwa 1980. Singer waliuza kwa malipo ya kidogo kidogo, ndo maana hata nyumba zisizo na pesa nyingi ziliipata.

Ukirithi ya kwenu, usikimbilie kuichomeka! Mpira wa nyaya za zamani hupasuka, na umeme wa Durban ni volti 230. Soma kwanza kibao cha mota, fundi azikague nyaya. Kisha tia mafuta, zungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwako.

Juzi Mama aliisikia kwenye simu. Akanyamaza. Halafu: “Umeitia mafuta, mwanangu?”