Mofini ya Kunywa Yafika Kampala

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alihamia Kampala akitokea Nairobi, ambako alikuwa ameihudumia hospisi (huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona) ya kwanza ya jiji hilo. Alikuja na ujuzi alioupata Singapore: unga wa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, ukichanganywa na maji na kihifadhi huwa dawa ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa anaweza kuitumia akiwa kwake nyumbani.

Mofini yenyewe haikuwa ngeni. Mjerumani mmoja aliitenga kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba maumivu makali ya saratani yatulizwe kwa mofini ya kunywa, tena kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa aanze kulia. Lakini Uganda ya wakati huo ilikuwa imeelemewa na UKIMWI, na wagonjwa wengi walikufa wakiugulia vitandani. Dawa ilijulikana ila haikuwafikia, kwa kuwa wakubwa na hata madaktari wengi waliihofia kama dawa ya kulevya.

Serikali ilikubali unga uingizwe nchini, na kazi ikaanzia katika nyumba ndogo ya kuazima, mtaani Nsambya, Kampala. Dawa ilitiwa rangi ili vipimo visichanganywe: kijani ndiyo hafifu, nyekundu ina nguvu zaidi, buluu inazizidi zote. Ilimiminwa kwenye chupa za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa. Mgonjwa alipewa kipimo kila baada ya saa nne, na cha usiku kikaongezwa maradufu ili alale hadi asubuhi. Alipewa pia dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo.

Bado palikuwa na kikwazo: ni madaktari tu walioruhusiwa kuiandika, nao walikuwa mijini. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa, na wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, wakaruhusiwa kuiandika. Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Kwangu mimi, hatua hiyo ina uzito kuliko unga wenyewe, maana muuguzi ndiye anayefika kijijini.

Leo mgonjwa wa Uganda hupewa mofini hiyo bila malipo. Nawe unayemuuguza mtu wa saratani, popote ulipo, usikubali kuambiwa avumilie. Uliza kuhusu mofini ya kunywa.