Ngoma Ikilia Sana

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Wavuvi wetu wa dagaa hapa Kigoma wana dawa yake: mbalamwezi ikiangaza, taa zao hazivuti samaki, basi hubaki ufukweni Kibirizi wakishona nyavu na kulala.

Msanii hana mbalamwezi. Mwanamuziki anayetegemea viingilio vya mlangoni, asipopiga leo, kesho hali. Hata akiumwa hupanda jukwaani. Ndiyo maana naikumbuka NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Wapigaji wake waliajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Bendi ile ikabadili majina hadi kuitwa Msondo Ngoma, ikadumu kuliko nyingi za rika lake.

Walimu niliowafunza niliwaambia: kupumzika si uvivu, ila mwenye njaa hapumziki. Tukitaka ngoma idumu, mpigaji alipwe hata siku anayoiwamba upya.